Tovuti ya Kutafutia Kazi Hupimwaje?

Mnamo mwezi Juni mwaka 2014 Uwanja wa Taifa jijini Dar es Salaam ulijaa watu ambao hawakuja kutazama mpira. Walikuwa vijana zaidi ya 10,000, waliokuja kufanya usaili wa nafasi 70 za kazi katika Idara ya Uhamiaji. Waliketi kwenye viti vya mashabiki, kila mmoja na karatasi zake. Kwa hesabu ya haraka, kila nafasi moja iligombewa na watu zaidi ya 140.

Tangu wakati huo sehemu kubwa ya foleni hiyo imehamia mahali pasipoonekana kwa macho. Mwanzoni mwa mwaka 2025, Mamlaka ya Mapato Tanzania ilipotangaza nafasi 1,596, maombi zaidi ya 135,000 yalifika kwa njia ya mtandao. Nafasi nyingi za utumishi wa umma huombwa kupitia mfumo wa kompyuta wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, unaojulikana kwa jina la Ajira Portal. Na kazi za makampuni hutangazwa katika tovuti kama BrighterMonday, iliyoanzia Kenya mwaka 2006 na baadaye ikawa na ukurasa wa Tanzania. Faida za utaratibu huu ni dhahiri. Kijana aliyeko Tandahimba au Kasulu halazimiki tena kupanda basi ili kupeleka bahasha, wala barua yake haiwezi kupotea katika meza ya karani.

Lakini iko tofauti moja kubwa baina ya foleni mbili hizi. Uwanjani, aliyechoka na kuondoka alionekana akitoka langoni. Katika mtandao, anayeshindwa haonekani. Maombi yanayotangazwa ni yale yaliyofika. Yaliyokwama katika ukurasa wa tatu, kwa sababu mwombaji hakuelewa alichoulizwa au faili lake lilikataliwa, hayamo katika idadi hiyo. Kwa hiyo tovuti inaweza kupokea maombi laki moja na ikasifiwa kuwa inafanya kazi vizuri, huku watu wasiojulikana idadi yao wakiwa wamebaki nje ya mlango. Kuwagundua watu hao, na kujua ni jambo gani lililowazuia, ni kazi ya kisayansi yenye kanuni zake, vipimo vyake na hesabu zake. Ni kazi ambayo hata darasa la kidato cha tatu laweza kuijaribu.

Utumikaji ni nini?

Wataalamu hutumia neno utumikaji kwa maana ya kiasi ambacho chombo kinaweza kutumiwa na mtu aliyekusudiwa, bila taabu isiyo ya lazima. Shirika la Kimataifa la Viwango liliweka maelezo rasmi ya neno hili katika kiwango namba 9241, sehemu ya 11, kilichotolewa mwaka 1998 na kusahihishwa mwaka 2018. Kwa mujibu wa kiwango hicho, mambo matatu hupimwa: kama mtumiaji amelifikia lengo lake, ametumia muda na nguvu kiasi gani kulifikia, na ameridhika kwa kadiri gani. Sharti muhimu kuliko yote ni kwamba mambo hayo matatu hupimwa kwa watu maalumu, wenye malengo maalumu, katika mazingira maalumu. Haitoshi, basi, kusema kwamba tovuti fulani ni rahisi. Ni rahisi kwa nani, akifanya nini, na akiwa wapi?

Fikra hii haikuzaliwa na kompyuta. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, jeshi la anga la Marekani lilipata hasara ya ajabu katika ndege zake za B-17. Ndege ilitua salama, kisha, ikiwa tayari iko ardhini, rubani aliyakunja magurudumu na ndege ikalala kwa tumbo. Taarifa ziliandika kwamba rubani alikosea. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis alikwenda kukitazama chumba cha rubani, akaona kwamba swichi ya magurudumu na swichi ya vibawa vya kutulia zilikuwa zimepangwa ubavu kwa ubavu, na umbo lake ni moja. Rubani aliyechoka alikusudia kurudisha vibawa, mkono ukashika magurudumu. Dawa yake ilikuwa rahisi mno: kwenye kipini cha magurudumu kiliwekwa kigurudumu kidogo cha mpira, na kwenye kipini cha vibawa kikawekwa kipande chenye umbo la kabari, ili mkono utambue hata bila macho. Aina hiyo ya kosa ikakaribia kutoweka.

Somo la Chapanis ndilo msingi wa kazi yote inayofuata. Watu wengi wanapofanya kosa lile lile mahali pale pale, kinachopaswa kuchunguzwa kwanza ni mahali hapo.

Mazingira ya Kariakoo

Mtu anayetaka kuyaona mazingira halisi ya kuombea kazi jijini Dar es Salaam atembee kutoka Mnazi Mmoja kuelekea Kariakoo, kwa kufuata Mtaa wa Uhuru hadi Msimbazi. Katikati ya maduka ya vitenge, vyombo vya plastiki na vipuri vya simu ataona vyumba vyembamba vyenye mashine ya kurudufu, kompyuta moja au mbili, na karatasi zilizobandikwa mlangoni zikitangaza huduma: kuchapa, kuskani, namba ya NIDA, cheti cha RITA, mkopo wa elimu ya juu, maombi ya ajira. Hizi ndizo steshenari. Kariakoo ilipata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na si kosa kusema kwamba watu wa steshenari nao ni wapagazi wa aina yao: huwabebea wananchi mizigo ya karatasi hadi ndani ya mitambo ya Serikali.

Mwombaji hufika na simu janja yenye kioo kidogo, pengine kilichopasuka. Bando linalokaribia kwisha. Na bahasha ya vyeti. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira kwa kawaida humtaka aambatishe barua ya maombi iliyosainiwa, maelezo yake binafsi yenye anwani na namba za simu, nakala za vyeti zilizothibitishwa, na majina ya wadhamini watatu. Matangazo hayo husisitiza pia kwamba hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita hazikubaliwi. Kinachotakiwa ni cheti chenyewe. Barua iliyosainiwa ina maana kwamba ni lazima ichapwe, itiwe saini kwa kalamu, kisha iskaniwe na kurudishwa tena katika hali ya faili. Aliyeko ofisini penye mashine zote hamalizi dakika kumi. Aliyeko Kariakoo na simu peke yake hana budi kuingia steshenari, nako analipa kwa kila ukurasa.

Hapo ndipo kipimo kinapoharibika bila mtu kujua. Kijana wa steshenari amekwisha kuijaza fomu ile mara mamia. Anajua kitufe kipi kibonyezwe kwanza, anajua faili kubwa lipunguzwe vipi, na anajua kwamba ujumbe mwekundu wa kosa usiosema kosa ni lipi kwa kawaida husababishwa na tarehe. Maombi yanafika salama. Mwenye mfumo, akitazama kumbukumbu zake, anaona fomu zimejazwa upesi na bila makosa, naye anaridhika. Kilichopimwa hapo ni ustadi wa mtu wa steshenari.

Madhara yake si ya fedha tu. Ikiwa anwani ya barua pepe na nenosiri vimetungwa na mtu mwingine dukani, mwombaji asipoviandika mahali, hataweza kuingia tena kuona kama ameitwa kwenye usaili. Ameomba kazi, lakini ufunguo wa maombi yake uko kwenye kompyuta ya mtu asiyemfahamu. Aidha, mtu ambaye hajawahi kuuona ukurasa halisi kwa macho yake ni windo rahisi la matapeli wanaosambaza kwa simu matangazo ya uongo na kudai fedha za fomu.

Jaribio

Namna ya kwanza ya kupima haihitaji watumiaji kabisa. Mwaka 1990 wanasayansi wawili, Jakob Nielsen na Rolf Molich, walieleza njia ya kuzikagua kurasa kwa kufuata kanuni chache zinazojulikana, na mwaka 1994 Nielsen akazipanga zikawa kumi. Miongoni mwazo ni kwamba mfumo umwambie mtumiaji wakati wote nini kinaendelea. Utumie maneno ya mtumiaji mwenyewe. Uzuie kosa kabla halijatokea. Na kosa likitokea, lielezwe kwa lugha ya kawaida pamoja na njia ya kulisahihisha.

Kanuni ya kuzuia kosa yaweza kuonyeshwa kwa Namba ya Kitambulisho cha Taifa. Namba hiyo ina tarakimu 20: nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa kwa kuanzia mwaka, zikifuatwa na tano, tano nyingine, na mbili za mwisho, na makundi hayo hutenganishwa kwa vistari. Mwanasaikolojia George Miller alionyesha mwaka 1956 kwamba kumbukumbu ya muda mfupi ya binadamu hubeba takribani vitu saba kwa mara moja, lakini kwamba vitu vikifungwa katika mafungu, hubebeka kwa urahisi zaidi. Vile vistari, kwa hiyo, vina kazi. Fomu inayovikataa humlazimisha mtu anakili tarakimu 20 mfululizo, akitupa jicho kwenye kadi na kulirudisha kwenye kioo. Fomu inayovikubali, au inayoviweka yenyewe, humwondolea mzigo huo. Tena, kwa kuwa tarehe ya kuzaliwa imo tayari ndani ya namba, fomu yenye busara haina haja ya kuiuliza mara ya pili.

Kanuni ya lugha nayo ina uzito wa pekee nchini. Tovuti nyingi za kazi huandika vichwa na vitufe vyake kwa Kiingereza, hata pale tangazo lenyewe lilipoandikwa kwa Kiswahili. Msomi atasema kwamba mwenye diploma anakijua Kiingereza. Pengine. Lakini kuisoma hotuba ya Kiingereza ni jambo moja, na kuelewa kwamba neno moja juu ya kitufe linamaanisha maombi yametumwa au yamehifadhiwa tu ni jambo jingine. Tofauti ya kutuma na kuhifadhi ni tofauti ya kuomba na kutoomba.

Namna ya pili, iliyo bora, ni kuwatazama watu wakitumia. Clayton Lewis wa kampuni ya IBM alieleza njia hiyo mwaka 1982: mshiriki hupewa kazi ya kufanya, huombwa aseme kwa sauti kila anachokifikiri, na mtazamaji huandika. Kazi ziwe za kweli. Kwa mfano: tafuta nafasi za fundi umeme zilizotangazwa wiki hii, eleza siku ya mwisho ya kuomba moja kati ya nafasi hizo, sema ni vyeti gani utaviambatisha na vipi havitakubaliwa, sahihisha namba ya simu uliyokosea kuiandika, thibitisha kwamba maombi yako yamekwisha kufika. Kwa kila kazi mtazamaji huandika kama imekamilika, imechukua dakika ngapi, na mshiriki amekwama wapi.

Kwa watu wa pwani na bara pia, kuna ugumu ambao vitabu vya Ulaya na Marekani haviuoni sana. Kijana aliyekwisha kumwamkia mtazamaji shikamoo hatamwambia kwamba kazi yake ni mbaya. Atasema ni nzuri tu, huku jasho likimtoka. Naye mtazamaji, kwa malezi yake, ataona aibu kumwangalia mtu anahangaika bila kumsaidia. Adabu hizi mbili, njema katika maisha, huua jaribio. Mtazamaji hana budi kueleza mwanzoni kwamba inayopimwa ni tovuti, wala si mtu, na mshiriki akiuliza, "Sasa hapa nibonyeze wapi?", ajibiwe kwa swali: "Kama ungekuwa peke yako, ungebonyeza wapi?" Kinachoaminiwa ni kile mshiriki anachokifanya.

Watu wangapi?

Mwaka 1993 Nielsen na Thomas Landauer walitoa hesabu ambayo mwanafunzi wa uwezekano ataifurahia. Waligundua kwamba, kwa wastani, mshiriki mmoja hufichua asilimia 31 hivi ya matatizo yaliyomo. Basi tatizo moja lina nafasi ya 0.69 ya kutogunduliwa na mtu mmoja, na nafasi ya 0.69 kwa kipeo cha n ya kutogunduliwa na watu n. Kwa watu wawili hugunduliwa asilimia 52; kwa watatu 67; kwa watano 84. Kuanzia hapo kila mtu anayeongezwa huleta habari mpya kidogo kidogo. Ndiyo sababu ikaenea kauli kwamba watu watano wanatosha.

Hata hivyo, wastani si ahadi. Mwaka 2003 mtafiti Laura Faulkner alichukua matokeo ya watu 60 na kuyagawa katika makundi ya watu watano watano kwa bahati nasibu. Yako makundi yaliyogundua asilimia 99 ya matatizo, na yako yaliyogundua asilimia 55 tu. Kwa Dar es Salaam jambo hili ni la kuzingatiwa sana, maana hesabu ya Nielsen inadhani kwamba washiriki wanafanana. Mhitimu wa Chuo Kikuu mwenye kompyuta yake, dereva mwenye cheti cha kidato cha nne na leseni, na mama aliyesomea uuguzi miaka ishirini iliyopita ambaye jina lake la cheti ni Mwanahamisi na la kitambulisho ni Mwanakhamis, hawakwami mahali pamoja. Watano wa aina ya kwanza hawatafichua kamwe kinachomzuia huyo wa tatu. Ni afadhali kuchukua watatu au wanne kutoka kila kundi.

Alama mia na msaidizi aliyejificha

Ili kupima kuridhika, wengi hutumia hojaji iliyotungwa na John Brooke mwaka 1986, alipokuwa katika kampuni ya Digital nchini Uingereza. Ina kauli kumi, na mshiriki hujibu kila moja kwa namba, kuanzia 1 kwa asiyekubali kabisa hadi 5 kwa anayekubali kabisa. Kauli za namba witiri husifu, za namba shufwa hulaumu. Jibu la kauli ya witiri hupunguzwa 1. Jibu la kauli ya shufwa hutolewa katika 5. Vyote hujumlishwa na kuzidishwa kwa 2.5, ili jumla iangukie kati ya 0 na 100.

Tuseme mshiriki amejibu hivi, kuanzia kauli ya kwanza hadi ya kumi: 4, 2, 4, 5, 3, 2, 4, 2, 3, 2. Kauli za witiri zinatoa 3, 3, 2, 3, 2, jumla 13. Za shufwa zinatoa 3, 0, 3, 3, 3, jumla 12. Jumla kuu ni 25, na mara 2.5 ni 62.5. Wastani wa mifumo mingi iliyokwisha kupimwa duniani ni 68 hivi. Kwa hiyo tovuti hii ya mfano iko chini kidogo ya wastani, na mwenyewe hatashtuka.

Sasa itazamwe kauli ya nne. Kauli hiyo huuliza kama mtumiaji anaona kwamba angehitaji msaada wa mtaalamu ili kuweza kuutumia mfumo. Mshiriki wa mfano amejibu 5, yaani amekubali kabisa. Amekiri kwamba peke yake hawezi. Kukiri huko kumempunguzia mwenye tovuti alama 10 tu kati ya 100, kwa maana kila kauli ina uzito sawa na nyingine. Kama mshiriki huyo angejibu 1 hapo peke yake, kwa kuwa amezoea steshenari na haioni tena kuwa ni msaada, tovuti ingepata 72.5 na kuhesabiwa kuwa ni nzuri kuliko wastani. Hojaji ya Brooke ni chombo kizuri na chepesi. Lakini Kariakoo, jibu la kauli ya nne lafaa lisomwe peke yake kabla ya jumla.

Shule au chuo kinachotaka kufanya jaribio hili kinaweza kulifanya katika chumba cha kompyuta, au kwa simu za washiriki wenyewe katika ua wa shule. Yasitumwe maombi ya uongo katika mfumo wa kweli. Kazi ziishie kabla ya kitufe cha mwisho, na mahali pa namba ya kitambulisho zitumike tarakimu za kubuni katika karatasi iliyochorwa mfano wa fomu. Majina na namba za washiriki yasiandikwe katika daftari la matokeo, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 huzilinda habari za namna hiyo. Kila mshiriki apimwe peke yake kwanza, akiwa na simu aliyonayo. Baada yake apimwe mtu wa steshenari kwa kazi zile zile, naye kwa ustadi wake huenda akawa mwalimu bora wa darasa zima, kwa kuwa anakumbuka kila mahali alipowahi kukwama. Dakika za wawili hao ziandikwe katika safu mbili zinazotazamana, kazi kwa kazi. Pale ambapo safu ya kwanza inasoma dakika 14 na ya pili inasoma 2, au ya kwanza haina kitu kwa sababu kazi haikumalizika, hapo ndipo mahali pa kumwonyesha mwenye tovuti.